Kisu changu kisichokunjwa: miezi kumi na minne jikoni na ufukweni

Kisu cha kwanza nilichonunua kwa ajili ya safari za uvuvi kilikuwa na dira kwenye kitako cha mpini, na dira hiyo ilishikilia kwamba kaskazini iko Likoni, ng'ambo ya kusini ya Mombasa. Nilikinunua katika duka moja la mjini ambalo sitalitaja, kwa sababu kilikuwa na sura ya kutisha: bapa jeusi lenye unene wa karibu milimita tano, meno ya msumeno mgongoni, na mpini wa bomba uliofichwa ndani yake ndoana, uzi na viberiti vitatu. Kilipokutana na kitunguu, kitunguu kilipasuka badala ya kukatika. Rangi nyeusi ilianza kubanduka nilipokuwa nikimpaa samaki aitwaye changu, na kabla ya mwezi kwisha mpini ulikuwa ukicheza kama jino bovu, kwa kuwa bapa lilishikizwa kwa nati moja tu mahali ambapo mpini unaanza. Chuma kisichoingia ndani ya mpini hakina pa kujishikilia, na jambo hilo ningeweza kuliona dukani kama ningekitazama kisu badala ya kuitazama dira.

Baada ya hasara hiyo nilikaa nikajiuliza ninahitaji kisu cha kufanya nini hasa. Mimi si mwindaji wala mpanda milima. Siku za kazi napika nyumbani kwa zamu na mke wangu; Jumamosi alfajiri huenda kuvua kwa mshipi na jamaa zangu wawili, na mara chache kwa mwaka tunalala nje, ama ufukweni kusini mwa Likoni, ama kambini Shimba Hills. Kisu cha kukunja nilikuwa nacho tayari, na kilikuwa kimenichosha: mchanga, magamba na utumbo wa samaki huingia kwenye kiungo chake, na baada ya hapo hakuna namna ya kukisafisha ukaridhika kukitumia kukatia kachumbari. Nilitaka bapa lililonyooka moja kwa moja hadi mpinini, lisilo na pa kuficha uchafu.

Nilichonacho sasa ni Morakniv Companion cha chuma kisichoshika kutu upesi. Shemeji yangu, ambaye ni baharia, alinichukulia Göteborg, bandari ya Uswidi, meli yao ilipotia nanga huko. Mora ni mji wa Uswidi katika jimbo la Dalarna, na kampuni ya Morakniv inahesabu historia yake tangu mwaka 1891. Bapa lina urefu wa takriban sentimita kumi na unene wa milimita mbili na nusu, mpini ni wa plastiki ngumu iliyofunikwa mpira, na ala ni ya plastiki pia. Hakina urembo wowote. Mama yangu alipokiona alidhani ni kisu cha fundi wa kupaka rangi, na hakuwa mbali na ukweli, maana kwao Uswidi ni kisu cha mafundi na wakulima. Bei yake ilikuwa karibu mara nne ya kile chenye dira.

Jambo lililonishughulisha zaidi kabla ya kumwagiza shemeji lilikuwa aina ya chuma. Kisu hicho hupatikana kwa vyuma viwili. Kimoja ni chuma cha kaboni, ambacho hunoleka kwa urahisi na kupata makali mazuri sana, lakini kwa mkazi wa Mombasa ni sawa na kufuga paka aliyezoea kuiba samaki: lazima umkodolee macho kila saa. Ukikatia ndimu, ukwaju au embe bichi, bapa hubadilika rangi na kuwa kijivu hadi bluu. Rangi hiyo haina ubaya, ila ukikisahau usiku mmoja kikiwa na maji ya bahari, asubuhi unakuta kutu ya rangi ya machungwa. Cha pili ni chuma cha Uswidi kiitwacho 12C27, chenye kaboni ya takriban asilimia 0.6 na kromiamu ya asilimia 13 na ushei. Kromiamu ndiyo inayotengeneza utando mwembamba usioonekana, unaozuia hewa na maji yasifike kwenye chuma chenyewe. Nilichagua hiki cha pili, na bado sijajuta.

Hata hivyo, asije mtu akadhani kwamba chuma cha namna hiyo hakipati kutu kabisa. Chumvi ya bahari huutoboa ule utando katika vidoa vidogo, na hili nilijifunza kwa uzembe wangu mwenyewe. Tulirudi kuvua tumechoka, nikakirudisha kisu alani kikiwa kimelowa, nikautupa mfuko nyuma ya mlango, na nikaukumbuka Jumatatu jioni. Vidoa vinne vya rangi ya chai vilikuwa vimejitokeza karibu na mpini. Vilitoka kwa magadi ya kuokea, ndimu na kusuguliwa sana, lakini kimoja kimeacha kitundu ambacho nakihisi kwa ukucha hadi leo. Tangu siku hiyo nakisuuza kisu kwa maji ya bomba mara tu tufikapo nyumbani, na ala naisuuza pia, jambo ambalo wengi husahau. Ala hii ina tundu chini la kutolea maji, na ikining'inizwa mdomo ukitazama chini hukauka upesi. Ala ya ngozi ni nzuri kwa macho, lakini kwa unyevu wa pwani huota ukungu, na ikishanywa maji ya chumvi inageuka kuwa sponji ya kukiozesha kisu. Kama ningekuwa na nafasi ya kumshauri mnunuzi jambo moja tu, ningemwambia aikague ala kwa makini uleule anaoukagulia makali.

Jikoni hukumu yangu imegawanyika. Makali ya kisu hiki yametengenezwa kwa mteremko mmoja mpana kila upande, unaoanzia katikati ya bapa na kushuka hadi kwenye ncha ya makali. Mteremko huo huingia kwenye kitu laini bila taabu, lakini kwenye kitu kigumu hufanya kazi ya kabari: karoti nene hupasuka kabla hujamaliza kuikata, na viazi vitamu vivyo hivyo. Tikiti maji na kabichi usijaribu, urefu hautoshi. Tena, makali yako karibu usawa mmoja na mpini, kwa hiyo ukikatia juu ya ubao vifundo vya vidole hugonga ubao, na inakubidi ufanyie kazi ukingoni. Kwa mpishi aliyezoea ubao hilo litamkera. Kwetu sisi, ambao nyanya na vitunguu tumefundishwa kuvikatia mkononi, moja kwa moja ndani ya sufuria, bapa fupi na mpini mnene usioteleza ni neema. Na kwenye muhogo sijaona mfano wake: unachana ganda kwa urefu, unaingiza bapa chini yake, unainua kwa mgongo, na ganda linavuliwa kama soksi. Kisu chembamba cha jikoni kingepinda hapo.

Kuku pia tunachinja nyumbani, hasa wakati wa sikukuu, na dini imetutaka tukinoe kisu ili mnyama asiteseke, tena tusikinoe mbele ya macho yake. Kwa kazi hiyo nilikuwa na wasiwasi na ufupi wa bapa, wasiwasi ambao umeisha. Kinamaliza mara moja bila kurudiarudia.

Ufukweni ndiko kinakostahili sifa zaidi. Nakatia chambo cha ngisi, nakata mshipi, napaa samaki kwa mgongo wake na kumtumbua kwa ncha, yote hayo mkono ukiwa umejaa ute na mpini ukiwa haujanitoka. Kumkata samaki mnofu kwa kufuata mfupa hakiwezi vizuri, kwani bapa halinyumbuki. Nachongea chelewa ncha za kuchomea mishikaki, napasua vipande vidogo vya mti mkavu vya kuwashia moto, na kwa kumbi la dafu nachonga kile kijiko cha kukombea nyama yake. Dafu lenyewe nafungua kwa panga. Anayetaka kulifungua kwa kisu cha sentimita kumi anatafuta njia ya hospitali. Vilevile sikigongi kwa gogo ili kupasulia kuni nene, kwa sababu chuma kimeingia vizuri ndani ya mpini lakini hakifiki mwisho wake.

Kukinoa ni rahisi kuliko kisu chochote nilichowahi kumiliki, kwa sababu ule mteremko mpana wenyewe unakuonyesha pembe: unaulaza juu ya kinoo hadi ukae bapa, unasukuma, unageuza. Natumia kinoo cha pande mbili mara moja kila wiki tatu au nne, na katikati ya hapo nakipitisha kwenye duara lisilopakwa rangi chini ya kikombe cha udongo, kisha kwenye mkanda wa ngozi uliochakaa. Wale wanoaji wanaopita mitaani na baiskeli zenye jiwe la kuzunguka siwapi. Wanajua kazi yao kwa panga na kisu cha buchani, lakini jiwe hilo likizunguka bila maji huchemsha makali membamba, na yakishageuka rangi ya bluu ugumu wake umekwenda.

Kuhusu kukibeba, sikivai kiunoni mjini hata kidogo. Katika mji ambao habari za vijana wanaovamia watu kwa mapanga na visu zimesikika kwa miaka kadhaa, askari akikukuta na kisu mkandani hatakusubiri umweleze habari za changu. Kinakaa ndani ya ala, ndani ya ndoo ya vifaa vya uvuvi pamoja na chambo na ndoana, na kwa treni ya SGR sisafiri nacho.

Shemeji anarudi baharini mwezi ujao na nimemwagiza cha pili, chenye mpini wa rangi tofauti. Hiki nilichonacho hakijaharibika. Tatizo ni kwamba Jumamosi alfajiri ninapofungua ndoo kuondoka sikikuti, na baada ya kutafuta gizani nakiona jikoni, juu ya sinia la maganda ya muhogo.