Ramani maridadi, sigma hakuna: uzoefu wangu na maabara ya kupima fuwele

Jina silitaji. Ni maabara ya kulipia, iko Ulaya. Unawatumia kipande cha chuma, nao wanakurudishia ramani: kila punje imepakwa rangi kulingana na upande fuwele yake ilikoelekea, na ramani ya pili inayoonyesha wapi ni feraiti, wapi ni austenaiti, yaani namna mbili ambazo atomi za chuma hujipanga. Bei yao siisemi, nisije nikapandisha presha tena.

Sisi huku Muscat tulikuwa na bomba la dupleksi 2205, chuma cha pua chenye feraiti na austenaiti pamoja, la mtambo wa kutoa chumvi kwenye maji ya bahari, limepasuka kando ya weldi. Aliyewahi kuchomelea dupleksi akiona ufa pale, cha kwanza kumjia kichwani ni sigma, aina ya tatu ya fuwele, ngumu na inayovunjika upesi. Chuma hiki kikichelewa kupoa baina ya nyuzi 1000 na 600 za Selsiasi, feraiti huanza kuvunjika na sigma ikaota mipakani mwa punje. Inanyonya kromiamu na molibdenamu ya jirani zake, na asilimia chache tu zinatosha kukifanya chuma kipasuke kama kigae.

Ripoti ikaja baada ya wiki kadhaa. Feraiti na austenaiti karibu nusu kwa nusu, nukta zote zimetambuliwa, doa jeusi la nukta isiyotambuliwa hata moja hakuna. Sigma, wala haikutajwa.

Hapo ndipo damu iliponichemka. Kipande kimetoka ubavuni mwa weldi, na ramani haina doa? Mwale wa elektroni hupita nukta baada ya nukta, kila fuwele ikitoa picha ya mistari ambayo programu huitambua kwayo, na ukifika mpakani mistari ya fuwele mbili hupandana, programu ikashindwa kuamua, nukta ikabaki tupu. Ndiyo kawaida yake. Usipoona tupu hata moja, ujue kuna mtu kazijaza kwa kuzipa rangi ya jirani. Na sigma huota wapi? Palepale mpakani! Wameufagia ushahidi wakaita usafi.

Tena sisi wenyewe tulikuwa tumeshakitia kipande cha pili kwenye kostiki soda na umeme, kile kipimo cha kwanza cha ASTM A923, kiwango cha Marekani cha kusaka sigma na wenzake kwenye dupleksi, kazi ya dakika chache. Kikatoa kahawia kwenye mipaka ya feraiti, dalili ya sigma, unaiona kwa hadubini ya kawaida ya karakana.

Nikapiga simu. Kijana aliyepokea akanijibu, "Sigma hukuiandika kwenye fomu." Fomu ina kisanduku kimoja cha aina ya chuma, nami niliandika 2205! Programu hulinganisha mistari na orodha ya fezi, yaani aina za fuwele, uliyoipa. Sigma isipokuwemo orodhani, itaachwa tupu au itapewa jina la mwingine. Huo ndio ujuzi tunaowalipia. Kisha akaniuliza, kwa ule upole wa kuudhi, kama huku kwetu yupo mtu anayeweza kusoma mistari ya Kikuchi, ndiyo hiyohiyo mistari ya fuwele. Kikuchi aliiona mistari hiyo Japani mwaka 1928, bwana. Si siri ya ukoo wenu.

Haya, niwape haki yao. Kwa kung'arisha sampuli sijaona mfano wao. Kipande hulazwa kwa pembe ya nyuzi 70 mbele ya mwale, na kinachosomwa ni tabaka la juu kabisa, makumi ya nanomita tu, kwa hiyo mkwaruzo mdogo uliobaki unaizima picha. Yao ilikuwa kali mpaka tumeichapisha na kuibandika ofisini. Mwenye aloi ya fezi moja, mathalan shaba ya kawaida isiyo na makuu, na anataka kujua punje zimelala vipi baada ya kuviringishwa, aende kwao tu, wallahi. Ndiyo maana mwanzo niliwapa nyota tatu.

Nimerudi kuzipunguza. Mkandarasi wa weldi ameibeba ripoti ileile kikaoni na kusema kazi yake haina dosari, maabara imethibitisha. Fundi wangu aliyesema tangu siku ya kwanza kwamba weldi ilipigwa joto kupita kiasi akaonekana mzushi. Baadaye rafiki yangu aliye chuo kikuu kimoja Uingereza akaipitisha sampuli hiyohiyo, hatua baina ya nukta kaipunguza, sigma kaiingiza orodhani, wala hakuifuta nukta tupu. Imo. Vipunje vidogo vidogo, vimejipanga kwenye mipaka.

Nikawaandikia maabara wanipe data ghafi, mistari yenyewe kabla ya kuipaka rangi, maana ukiwa nayo unaweza kuitambua upya bila kurudi kwenye hadubini. Wamejibu kwa adabu kubwa, safari hii: data ghafi ni huduma ya pembeni, na ankara wameiambatanisha.

Nyota moja, na hiyo ni ya yule aliyeng'arisha.