Uzoefu wangu na paka wa Ocicat: sura ya mondo, roho ya kitindamimba

Niseme mapema nisimpotezee mtu muda: kama unamtaka Ocicat ukidhani utapata chui mdogo wa kutishia wezi getini, kaa na hela yako. Paka wetu, jina lake Furu, ana madoa kuanzia mabegani hadi mapajani, anatembea kwa kunyata kama anawinda, na kuna fundi wa maji aligoma kabisa kuvuka kizingiti. "Mama, mfungeni kwanza huyo mnyama wenu." Nikamwambia ni paka tu, kaka, mguse uone. Hakugusa. Na huyo mnyama mwenyewe muda wote alikuwa anamlilia fundi ampakate.

Tulimpata Nairobi, kwa mfugaji wa paka wa mbegu, na kwa bei ile ungenunua mbuzi kadhaa na chenji ikabaki. Muuzaji alianza na mbwembwe: huyu ana damu ya mondo, ndiyo maana bei imesimama. Hapo ndipo kusoma kabla ya safari kulipolipa. Ocicat hana hata tone la damu ya porini. Mbegu hii ilianzia Michigan, Marekani, mwaka 1964, kwa mama mmoja aitwaye Virginia Daly, aliyekuwa anachanganya paka wa Siam na wa Abyssinia kwa kutafuta rangi nyingine kabisa. Katika uzao wake akatokea mmoja mwenye madoa, akaitwa Tonga. Baadaye wafugaji wakaongeza American Shorthair, ndiyo ikapatikana mifupa mizito na rangi ya fedha, na mwaka 1987 chama cha wafugaji wa paka cha CFA kikawaruhusu Ocicat kushindania ubingwa. Wenye asili ya pori ni wengine: Savannah anatokana na mondo, Bengal anatokana na paka chui wa Asia. Nilipomwagia muuzaji hayo yote, habari ya mondo ikaishia hapo, na bei ikashuka.

Kitu kimoja nampa sifa: alikuwa na majibu ya vipimo vya wazazi. Usinunue bila hayo. Kwa upande wa Abyssinia mbegu hii inaweza kurithi upungufu wa kimeng'enya unaovunja chembe nyekundu za damu, na ugonjwa wa retina unaoleta upofu polepole. Vyote viwili vinapimwa kwa vinasaba. Moyo nao ni wa kuangaliwa na daktari mara kwa mara.

Sasa manyoya, maana ndiyo yanayolipiwa. Mpulizie ubavuni uone: karibu kila unywele una mistari ya rangi, mweusi, kahawia, mweusi tena. Panapoishia ncha nyeusi ndipo doa linapotokea, panapoishia ncha hafifu ndipo pawazi. Ubavuni madoa yanajipanga kuzunguka doa moja kubwa la katikati, na usoni kuna alama ya M juu ya macho. Sisi tunakaa Bwiru, nyuma ya nyumba ni mawe matupu, yale mawe yetu ya Mwanza yenye mabaka ya kuvu. Furu akilala juu yake humwoni mpaka mkia utikisike. Anawavizia wale mijusi wa mawe, madume yenye kichwa na mabega mekundu na mwili wa buluu, na karibu kila mara wanamshinda mbio. Akikosa anarudi ndani kulalamika, kana kwamba mimi ndiye niliyemtonya mjusi.

Kulalamika ndiyo kazi yake nyingine. Usiam wake uko kooni. Anajibu ukimwita, anajibu usipomwita, na akiachwa peke yake tangu asubuhi hadi jioni anatafuta la kufanya: anafungua makabati, anaangusha sufuria, pazia la sebuleni limebaki nusu. Anajifunza haraka mno. Watoto walimfundisha kuleta kizibo cha soda, sasa analeta hata usiku wa manane. Kwetu inawezekana kwa sababu shangazi yuko nyumbani mchana. Nyumba ambayo wote wanatoka na kurudi jioni, huyu paka si wake.

Chakula ndicho watu wanakosea, hasa huku kwetu ziwani. "Paka si anakula dagaa tu?" Anakula, ndiyo, lakini dagaa waliokaushwa ufukweni wana mchanga, lazima waoshwe vizuri, na samaki peke yake hawatoshi. Paka anahitaji kirutubisho kiitwacho taurini, nacho kiko kwenye nyama, zaidi moyoni. Kwa hiyo moyo wa ng'ombe hukatwa vipande vidogo, ini kidogo tu, na sato wa kuchemsha aliyetolewa miba, ambaye tunamchukua soko la samaki la Mwaloni. Mapanki ya sangara, yale mabaki baada ya minofu kutolewa, sitaki kabisa, ile mifupa ni mikali. Chooni kwake tunaweka maranda kutoka kwa seremala, bei yake karibu na bure.

Halafu viroboto. Duka moja la dawa za mifugo, silitaji, walinipa unga wa mbwa wakasema kazi ni ileile. Nikasoma kopo palepale kaunta: permethrini. Kwa mbwa sawa, kwa paka hiyo ni sumu, inamtetemesha hadi kifo. Nikairudisha, nikachukua ya paka kwa daktari, pamoja na chanjo ya kichaa cha mbwa. Ndiyo, paka naye anachanjwa kichaa cha mbwa.

Majirani? Bibi wa nyumba ya pili alikuwa anaingiza vifaranga kila akimwona Furu ukutani, na hakukosea, maana madume ya mbegu hii yanafika kilo sita na kifaranga kwake ni mchezo. Tukaweka wavu upande ule, yakaisha. Tumemhasi pia, kwa hiyo wanaoniuliza kila wiki kuhusu watoto wake wanisamehe.

Nyota nne. Ya tano nimeikata kwa ajili ya makelele ya saa kumi alfajiri mlangoni pa jikoni.