NanoVNA kwa fundi redio wa kambini: kipimo kizuri, ila hakitaki haraka

NanoVNA ni kifaa kidogo cha kupima antena na kebo za redio. Kinaingia mfukoni: kioo cha inchi 2.8, soketi mbili ndogo za kuskurubu (SMA), chaji ya USB-C. Kilianza kuenea 2019, na toleo la kawaida linapima kuanzia kilohezi 50 hadi megahezi 900. Redio za kijeshi za kubeba mgongoni nyingi huzunguka megahezi 30 hadi 88, kwa hiyo kazi ya kambini imo ndani. Kijana anayeanza ufundi wa redio za mafunzo, awe JKU au KMKM, vikosi vya Zanzibar, akipewa chombo kimoja tu baada ya multimita, kiwe hiki.

Malalamiko mengi kwamba "kinadanganya" chanzo chake ni kukisawazisha vibaya. Kinapima nukta 101 tu kwa mkupuo. Ukikiachia megahezi 0.05 hadi 900, nukta zinapishana megahezi 9 na bonde la antena, yaani pale mstari unaposhuka kwenye masafa antena inayoyapokea vizuri, linaruka katikati bila kuonekana. Weka START 30 na STOP 88 kwanza, ndipo uingie CAL, menyu ya kusawazisha: RESET, kisha OPEN (wazi), SHORT (iliyounganishwa) na LOAD (omu 50) kwa vile vipande vitatu vya kwenye boksi, DONE, halafu SAVE. Ukibadilisha masafa, rudia. Funga adapta ya BNC (plagi ya kuzungusha na kufunga) yenye kebo fupi na uiache hapohapo, maana soketi za SMA huchakaa kwa kufunguliwa kila siku.

Antena ya fito ya redio ya mgongoni isikutishe. Imeundwa ibebe bendi nzima, kwa hiyo SWR (kipimo cha nguvu inayorudishwa na antena; 1 ndiyo bora) ya 2 mpaka 3 sehemu fulani ni umbile lake. Ipime ikiwa imesimama juu ya bati au bodi ya gari. Ukiishika mkononi unapima mkono wako pia.

Kinapolipa bei yake hasa ni kwenye kebo. Chumvi ya visiwani haina huruma, na masika humalizia kazi. RG-58, kebo nyembamba ya omu 50 ya antena, iliyokunywa maji hula nguvu ikienda na ikirudi, basi hata antena ikiwa imekatika huko juu, kioo kinaweza kukuonesha SWR ya 1.9 na ukaondoka umeridhika. Ng'oa antena, acha ncha ya kebo wazi, chagua LOGMAG ya CH0 (nguvu inayorudi kwenye soketi ya kwanza, kwa desibeli) usome megahezi 50. Gawa kwa 2, maana mawimbi yamepita kebo mara mbili, kwenda na kurudi. Kebo nzima ya mita 20 husoma karibu -4, yaani inakula desibeli 2. Ikisoma -10 inakula 5, na wati 5 zikitoka redioni zinafika 1.6 tu juu.

Menya ganda sentimita 5 kutoka kwenye plagi. Nyuzi za shaba zikiwa nyeusi au zimeota ukijani, usifunge plagi mpya hapo: risasi ya kulehemu haitashika, na maji hupanda ndani ya nyuzi kama mafuta kwenye utambi. Kata mpaka shaba ing'are. Ukifika mita 2 bado nyeusi, itupe yote. Wala usiibadilishe kwa kebo ya televisheni kwa kuwa ipo dukani. Ile ni ya omu 75, na SWR itacheza kati ya 1 na 2.25 kwa urefu wa kebo tu, antena haina kosa.

Udhaifu wake: kioo hakisomeki juani, kwa hiyo beba kofia pana au ingia chini ya mwembe. Juu ya megahezi 300 usahihi unapungua. Na hakina kinga ya maana. Gusisha ncha ya antena na ganda la plagi kabla ya kufunga ili umeme tuli utoke, usikiunganishe kamwe na redio inayorusha, na hakikisha gari la jirani lenye redio ya wati 50 limeambiwa linyamaze. Kubonyeza kitufe cha kuongea mara moja kunatosha kukiua, na kikifa hivyo bado kinawaka kama kawaida. Utagundua pale LOAD, OPEN na SHORT zote zitakapochora mstari uleule.