Hadubini ya karatasi imeingia darasani kwangu

Nafundisha baiolojia kidato cha pili: wanafunzi 58, na hadubini ya shule ni moja tu. Ndipo nikanunua Foldscope, iliyobuniwa na Manu Prakash na Jim Cybulski wa Chuo Kikuu cha Stanford. Unaikunja mwenyewe kama bahasha, unapachika kilenzi cha kioo, na inakuza mara 140. Tulianza na ngozi ya kitunguu. Seli zikaonekana zimepangana kama matofali. Lakini tone la maji ya dimbwi ndilo lililowapagawisha. “Mwalimu, vijidudu vinakimbia!” Sumaku ndogo inaishikiza Foldscope kwenye kamera ya simu, kwa hiyo hata wa nyuma waliona. Kwa bakteria bado utahitaji hadubini kubwa. Hii haitaki umeme, inakaa mfukoni, nami nimeshaagiza nyingine kumi.