TAHADHARI!! Huyu muuza tiketi za taarab na shoo za Mombasa ni mwizi

Jamani naandika hii na hasira zimenijaa hadi mikono yatetemeka, na usingizi sijauona tangu Jumamosi. Kuna jamaa auza tiketi za usiku wa taarab, muziki wa bango na shoo zingine za hapa Mombasa kwa Facebook na wasap. Ni mwizi. Amenila 8,500 na hiyo pesa si ndo inayoniuma sana, kinachoniuma ni kuwa amenitia aibu mbele ya mamangu.

Mama amepitia mwaka mgumu, sitaki kuyarudia hapa. Mimi na dada zangu wawili tulichanga tumtoe nyumbani japo usiku mmoja. Mama wa zamani zake alikuwa hakosi harusi akisikia Juma Bhalo ataimba, na tangu Bhalo afariki 2014 ni kama hamu yote ilimtoka, ukimwambia taarab akwambia washaisha waimbaji. Sasa mara hii mwenyewe ndo aliyesema haya nitakuja. Mwaelewa nilivyofurahi?

Posta niliiona kwa grupu la kuuza vitu, na shoo yenyewe ilikuwa ya kweli, ukumbi mmoja upande wa Nyali, kila mtu alikuwa aizungumzia. Nikamwandikia yule jamaa kama tiketi bado zipo, hata dakika haikuisha akanijibu kwa sauti, Kimvita safi, sauti ya mtu mpole mwenye adabu zake, ati "dadangu usiwe na shaka, mamako ni mamangu". Akaniuliza jina la Mama aliandike kwa meza. Akaniuliza miguu yamuuma, nikamwambia ndio magoti, akasema basi atamweka karibu na mlango mbali na spika. Akaniuliza ana sukari, chai yake waiweke kando? Wallahi hapo ndo nilipokwisha. Tapeli gani akuuliza sukari ya mamako?

Tiketi 1,500 kila mmoja, sisi wanne, nikamtumia 6,000. Kisha akaniambia meza ya mbele ina diposti ya 2,500 ambayo narudishiwa mlangoni nikiingia. Nikatuma pia. Jina lililokuja kwa M-Pesa lilikuwa la mwanamke nikamuuliza huyu ni nani, akasema bila hata kusita ni keshia wao, laini ya ofisi. Nikanyamaza. Baada ya nusu saa tiketi hizo zikaja kwa simu, nne, kila moja na jina letu limeandikwa vizuri, na ile kodi ya miraba miraba ya kuskani pale chini. Nikawatumia dada zangu, tukafurahi.

Jumamosi nikaenda Marikiti nikamchukulia Mama kikuba cha asmini. Akajifukiza udi, akavaa buibui lake jipya, nyumba nzima yanukia. Tukapanda tuktuk kutoka Mji wa Kale, pale daraja la Nyali msongamano ulitukalisha karibu saa nzima na Mama hakulalamika hata kidogo, yuko na hadithi za Bhalo na Zein, mwimbaji mwingine wa taarab, njia nzima, dereva mwenyewe amecheka hadi basi.

Tukafika mlangoni. Yule kijana wa geti akaiskani ya Mama ya kwanza, simu yake ikalia vibaya, kioo chekundu. Akaskani yangu, nyekundu. Akaskani zote nne. Akaniangalia akasema polepole, "Dada, hii imeingia toka saa mbili." Nikamwambia haiwezekani, tazama majina, ndo akanionyesha kuwa majina ni tofauti lakini namba iliyo chini ni moja, zote nne, namba ile ile. Mimi sikuwa nimeitazama! Nani hutazama hiyo namba? Nyuma yetu kulikuwa na mtu na mkewe wamevuka feri kutoka Likoni, wakatoa simu yao, namba ile ile. Nikampigia yule jamaa ikaita mara mbili, mara ya tatu mteja hapatikani. Wasap kashaniblok.

Na watu wapita wanatuangalia, na viti ndani vimejaa hata ungekuwa na pesa huwezi kuingia. Yule kijana wa geti Mungu ambariki, alimtolea Mama kiti akae pale nje ukutani. Fidla yasikika kabisa. Mama akasikiliza wimbo mmoja mzima hapo nje, na kikuba chake, kisha akasimama akasema "haya wanangu, twendeni." Hakunilaumu. Bora angenilaumu.

Sasa kuna wale wataniambia mbona hukununua mlangoni. Mimi si mtoto, shoo za hapa naenda miaka, michezo pale Little Theatre nimeanza kuangalia niko shule. Lakini mzee wa magoti huwezi kumsimamisha kwa foleni, ndo maana nikataka meza mapema. Basi.

Meseji ya M-Pesa nili-forward kwa 456 ya Safaricom usiku ule ule wairudishe pesa, ilikuwa ishatolewa. Namba yake nimeituma 333, pale Safaricom waripotiwa matapeli. Kituoni kwa polisi nimekwenda, namba ya OB, ya kitabu chao cha ripoti, ninayo.

Cha kuangalia: alitaka nitume kwa namba ya mtu, hakuna till, ile namba ya kulipia biashara, na jina halikuwa lake. Ukurasa wake komenti kafunga, hilo nililiona baadae. Kila nikitaka kumpigia asema yuko kwa kelele, nitumie sauti. Ati zimebaki mbili tu, halafu akapata nne. Na linganisheni namba za chini za tiketi kabla hamjatoka nyumbani, au pigieni ukumbi wenyewe muulize kama huyo mtu wanamjua, mimi sikuuliza.

Na huyu mtu mimi nataka ashikwe, sitaki kurudishiwa pesa nataka nimwone kizimbani. Sheria ya makosa ya mitandao tunayo tangu 2018, iko kazi gani kama mtu akaa na simu mbili akila wazee wa watu kila wikendi? Afungwe, na huyo mwanamke wa laini afungwe naye, maana pesa zapita kwake na ajua. Mwana haramu mkubwa aliyeniuliza sukari ya mamangu ili aniibie, Mungu atamlipa lakini kwanza korti imlipe.

Tiketi zetu namba yaishia 0417. Kama nawe una hiyo au ulikuwa pale getini Jumamosi, hasa yule kaka wa Likoni na mkewe, tafadhali niandikie inboksi. Alhamisi asubuhi narudi kituoni na sitaki kwenda peke yangu.