Kompyuta ya gemu kwa milioni mbili na nusu: vifaa nilivyochagua na ninavyoviona sasa

Ingia duka lolote la kompyuta Kariakoo useme unataka mashine ya gemu, utaanza kutajiwa prosesa, yaani ubongo wa kompyuta. "Kaka, hii ni i7, hutajuta." Hakuna anayeuliza unacheza gemu gani, wala monita yako ikoje. Mimi mashine yangu nimeshaitumia zaidi ya mwaka, karibu kila usiku nipo juu yake, na msimamo wangu ni ule ule niliokuwa nao siku natoa hela: anza na kadi ya picha, fuata pawa saplai ya kuilisha, kisha kinachobaki ndicho ugawe kwa vingine.

Nilichonunua ni hiki. Prosesa Ryzen 5 5600, madabodi (ubao mkuu unaobeba vyote) ya B550, RAM ya DDR4 GB 16, kadi Radeon RX 6600, SSD ya NVMe (hifadhi ya kasi ya mafaili) ya TB 1, pawa saplai ya wati 550 yenye nembo ya 80 Plus Bronze, keisi yenye wavu mbele, na monita ya inchi 24 ya 1080p (ukali wa picha 1920x1080), 144Hz (picha 144 kwa sekunde). Pamoja na monita vyote viliingia ndani ya milioni mbili na nusu, baada ya kubembelezana kwingi. Bei ya kimoja kimoja siitaji, maana ya asubuhi si ya jioni na dola ikitikisika kila kitu kinapanda nayo. Ila kadi peke yake ilikula zaidi ya robo ya fedha, na ndivyo nilivyotaka.

RX 6600 ilitoka Oktoba 2021. Si kitu kipya, na ndiyo maana bei yake ilikuwa imeshuka hadi mahali pa kugusika. Ina kumbukumbu ya GB 8, inatumia wati 132 tu, na inahitaji waya mmoja wa pini nane. Mshindani wake mkubwa mezani kwangu alikuwa RTX 4060, ambayo umeme inatumia hata chini ya hapo, wati 115, na ina DLSS, teknolojia ya NVIDIA ya kukuza picha ndogo ili gemu liende haraka. Bei zingekaribiana ningeichukua bila kufikiri mara mbili. Lakini tofauti ilikuwa inatosha kununua SSD na RAM, na mimi sikuwa tayari kucheza na RAM ya GB 8 ili tu nipate nembo ya kijani ya NVIDIA.

RTX 3060 ya GB 12 nayo inavutia, hasa ukiwa mtu wa Blender (programu ya kuchora 3D) au wa kuhariri video. Kwa gemu tupu za 1080p hazipishani sana na RX 6600. Tatizo ni kwamba nyingi nilizoonyeshwa zilikuwa za mkono wa pili, na historia ya kadi za mkono wa pili tunaijua: Septemba 2022 sarafu ya kidijitali ya Ethereum ilipoachana na uchimbaji wa kutumia kadi za picha, kadi zilizokuwa zimekesha kwenye uchimbaji huo zilimwagwa sokoni dunia nzima. Si zote mbovu. Ila mimi nikinunua used nataka kuiona ikifanya kazi mbele yangu, ikiwa na mzigo, feni zikizunguka, si kuonyeshwa picha ya eneo-kazi la Windows na kuambiwa "si unaona inawaka".

Hapo nina kisa. Duka moja, silitaji, nilitolewa kadi kwenye boksi jeusi lisilo na jina la kampuni yoyote, imeandikwa RX 580 8GB. Bei tamu kabisa. Nikaomba ichomekwe, kijana akaiwasha bila ubishi, nami nikafungua GPU-Z, programu inayosoma undani wa kadi, niliyokuwa nayo kwenye flashi. Juu pameandikwa vizuri tu: Radeon RX 580. Shuka chini kwenye mstari wa Shaders (vichakataji vidogo vya kadi): 2048. RX 580 kamili ina 2304. Hiyo ni 2048SP, toleo lililotolewa kwa soko la China, na ukilifunua ndani ni RX 570 iliyopewa jina la kaka yake. Feki si feki, na inacheza gemu, lakini bei niliyotajiwa ilikuwa ya 580 kamili. Nikamwonyesha kwenye skrini. Akacheka: "Mkuu, wewe umekuja umejipanga." Akashusha bei papo hapo. Nikamshukuru nikaondoka.

Na hiyo ni afadhali. Kuna feki za kweli, kadi za kizamani kama GTX 550 Ti zilizoandikwa upya BIOS (programu ya msingi iliyo ndani ya kadi) zijiite GTX 1050 Ti. Windows inaamini, Task Manager inaamini, mnunuzi anaamini. GPU-Z za miaka ya karibuni zinazitambua nyingi na kuandika FAKE mbele ya jina. Programu yenyewe ni ya bure na haijai hata flashi ya zamani. Kama muuzaji anakataa isifunguliwe, umeshapata jibu lako.

Kuhusu zile desktopu za ofisini, Dell na HP zinazoingia kama mtumba zikiwa na i7 ndani: kwa mwanafunzi mwenye laki tano au sita sizipingi. Kwa bajeti yangu zilikuwa hazina nafasi. Nyingi ni za i7-3770, prosesa ya 2012 yenye kore nne. Windows 11 haizitambui rasmi, maana kwa upande wa Intel inaanzia kizazi cha nane, na Windows 10 iliachwa na Microsoft tarehe 14 Oktoba 2025. Valorant kwenye Windows 11 inadai TPM 2.0 na Secure Boot, vipengele vya usalama vya mashine, kwa hiyo hata ukiilazimisha Windows iingie, gemu lenyewe linakugomea. Halafu pawa saplai zake mara nyingi zina umbo na plagi za kampuni yenyewe, hazina waya wa kadi, na tundu la PCIe, pale kadi inapochomekwa, peke yake linatoa wati 75 basi. Zile nyembamba ndiyo kabisa, kadi ya urefu wa kawaida haiingii. Unaishia kununua tena kila kitu, na herufi i7 umebaki nazo.

Ryzen 5 5600 ina kore 6 na nyuzi 12, ni ya Aprili 2022, na boksi lake linakuja na feni. Angalia sana tarakimu, kwa sababu kuna 5500 inayouzwa nafuu kidogo na wauzaji wanakwambia "ni zile zile". Si zile zile. Keshi ya L3 (kumbukumbu ya haraka ndani ya prosesa) ni MB 16 badala ya 32, na inaishia PCIe 3.0, toleo la zamani la njia ya data ya kadi. Hilo la PCIe lina uzito kwa RX 6600, ambayo inatumia njia nane tu badala ya 16, kwa hiyo ukiiweka kwenye 3.0 unaibana. Ndiyo sababu pia nilichukua B550 badala ya B450 iliyokuwa nafuu. Tofauti haitakuua, lakini ukishakuwa na kadi ya GB 8 tu, gemu likijaza kumbukumbu ndipo unauona ule upana wa njia.

Core i5-12400F ningeichukua pia. Ilikuwa haipo siku hiyo, basi. Na 5600G ni ya mtu ambaye hela ya kadi bado: ina picha ndani, unacheza gemu nyepesi huku unadunduliza. AM5, tundu jipya la prosesa za AMD, na Ryzen 5 7600 ndiyo njia yenye maisha marefu, AMD wenyewe wamesema wataisaidia hadi 2027 na kuendelea. Lakini madabodi yake pamoja na DDR5 vilikuwa vinaipeleka hesabu yangu nje ya bajeti, na cha kupunguza kingekuwa kadi. Hapana.

Jambo moja kuhusu prosesa za AM4, tundu la zamani linalotumiwa na 5600 yangu: pini ziko kwenye prosesa yenyewe, si kwenye madabodi. Kabla hujalipa, ishike kwa pembe zake, iinue usawa wa jicho, uwashe tochi ya simu upande wa pili. Mistari ya pini inaonekana kama mashamba ya mkonge ukiwa kwenye basi: ikinyooka yote, sawa, pini moja ikipinda, mstari mzima unavunjika machoni. Hii ni muhimu zaidi kwa zile zinazouzwa bila boksi, ambazo kwanza hazina feni, na bei yake ukiijumlisha na ya feni mara nyingi haina unafuu wowote.

RAM sina mengi. Chukua mbili za GB 8, si moja ya GB 16, uziweke tundu la pili na la nne kuhesabu kutoka kwenye prosesa. Kisha ingia BIOS ya madabodi uwashe XMP, au DOCP kutegemea madabodi (mpangilio wa kuipa RAM kasi yake kamili), la sivyo RAM uliyoilipia 3200 itajikokota chini ya hapo maisha yake yote. Nimeshakaa kwenye mashine za watu watatu wanne mjini zikiwa hivyo, na ziliungwa na mafundi wa kulipwa.

Sasa pawa saplai, ambayo ndiyo watu wanabana hela ili wapate feni za taa. Keisi nyingi zinauzwa zikiwa nayo ndani, "ofa". Ya mdogo wangu ilikuwa ya ofa. Umeme ulikatika, ukarudi kwa kishindo, ikalia pa! na madabodi ikaondoka nayo. Kwa nje ilikuwa imeandikwa wati 500.

Jifunze kusoma ile stika. Tafuta +12V, maana kadi na prosesa zote zinakula hapo. Zidisha volti 12 kwa ampea zilizoandikwa. Yangu ni ampea 45, kwa hiyo wati 540, karibu yote iliyotangazwa kwenye boksi. Ile ya ofa ilikuwa ampea 18, yaani wati 216, na zilizobaki sijui zilikuwa za kupamba boksi. Ipime pia mkononi. Nyepesi sana, iache. Nembo ya 80 Plus Bronze inakuhakikishia kwamba ikiwa na nusu ya mzigo, angalau 85% ya umeme inaouvuta ukutani unafika kwenye vifaa. Haisemi lolote juu ya kinga, hivyo uliza kama ina kinga ya volti kuzidi na ya shoti, na waranti ni ya muda gani. Dai na risiti ya EFD. Waranti ya mdomo inaisha ukivuka barabara.

Nimeiweka nyuma ya UPS ya kawaida ya 650VA. VA si wati, uwezo wake halisi uko chini ya hapo, lakini mashine yangu ikiwa kwenye gemu pamoja na monita inavuta takriban wati 250 ukutani, kwa hiyo napata dakika za kutosha kusevu na kuzima kistaarabu. Kabla ya kununua UPS ijaribu na mashine yako ikiwa na mzigo, kwa sababu kuna UPS za bei nafuu ambazo wimbi la umeme wake haliivi na pawa saplai za kisasa. Umeme ukikatika na UPS hizo zikipokea tu, kompyuta inazima. Kwa wanaoulizia LUKU: kwa wati 250, saa nne za gemu ni yuniti moja. Wife ameridhika na hesabu hiyo.

Keisi nilitaka wavu mbele na sikusikiliza mtu. Zile za kioo mbele zinapendeza kwenye picha, ila Dar chumba bila AC kinafika nyuzi 31 usiku wa Februari, na kioo hakipitishi hewa. Kadi yangu inakaa nyuzi sabini na kitu ikiwa imebanwa. Vumbi linaingia zaidi, hilo ni kweli, na unyevu unalifanya ligande, kwa hiyo brashi laini ya rangi na bloa ni sehemu ya maisha.

Kwenye gemu zenyewe: GTA V sifikirii tena mipangilio. Cyberpunk 2077 kwa High bila ray tracing (hesabu ya mwanga na vivuli halisi) iko juu ya fremu 60, nikiwasha FSR, teknolojia ya AMD ya kukuza picha ndogo, inapumua zaidi. Ray tracing isahau, kadi hii haina kifua hicho. Counter-Strike 2 inaijaza monita ya 144Hz, ila seva za karibu ni Dubai na Johannesburg, na ping (ucheleweshaji wa mtandao) haiponyeshwi na kadi. GB 8 za kumbukumbu naanza kuziona mwisho wake kwenye gemu mpya. Texture (ubora wa nyuso za vitu kwenye gemu) nashusha hatua moja.

Ukinunua monita ya 144Hz, chomeka kwa DisplayPort, kwenye kadi na si kwenye madabodi, kisha nenda kwenye mipangilio ya skrini ya Windows uchague 144 mwenyewe. Yenyewe huanza na 60, na kuna watu wana mwaka wa pili wanatazama 60 ilhali walilipia 144.

Kinachonikera ni feni ya Wraith Stealth iliyokuja na prosesa. Inapoza, lakini mzigo ukipanda inapiga kelele hadi napandisha sauti ya headphone. Hiyo ndiyo nitaibadilisha kwanza. Baadaye, ikipatikana kwa bei ya kuelewana, nitatafuta Ryzen 7 5700X3D, ambayo inakaa kwenye madabodi hii hii kwa kusasisha BIOS tu. Kadi siigusi mpaka niuze hii, na mteja akija nitamfungulia GPU-Z mwenyewe.