Santa Sabina, Roma: usipitwe na ule mlango

Jamani ukienda kilima cha Aventino achana na ile foleni ya kuchungulia tundu la ufunguo la geti, watu wamesimama juani wee wapate picha ya kuba la kanisa la Mtakatifu Petro kwa mbali, na hapo nyuma yao kuna Santa Sabina, kanisa la basilika la karne ya 5, kuingia bure, mi niliikuta ina watu sita tu!

Kuna padri anaitwa Petro wa Illyria ndo aliijenga, kazi ilianza mwaka 422 ikachukua kama miaka kumi, na jina lake lipo mpaka leo juu ya mlango kwa ndani, herufi za dhahabu kwenye mozaiki ya bluu. Humo ndo nilielewa basilika ni kitu gani, kumbe Warumi walikuwa na kumbi hizi za kesi na biashara, Wakristo wakachukua ramani ile ile, ukumbi mrefu, njia za pembeni, na kule mwisho kwenye ukuta wa nusu duara alipokuwa anakaa hakimu, wao wakaweka altare. Nguzo 24 za marumaru, zote zinafanana kama mapacha, nazo zilitolewa jengo la zamani zaidi. Madirisha sio kioo, ni vipande vya jiwe jembamba, mwanga unaingia laini kama uko ndani ya chandarua aisee. Mwaka 1587 msanifu majengo Domenico Fontana aliivuruga sana, mwenzake Antonio Muñoz ndo akaja kuirudishia sura yake karne ya 20, mimi nampa tano.

Sasa mlango wenyewe. Mbao za mvinje, wa karne hiyo hiyo ya 5, picha za kuchonga zilizobaki ni 18. Angalia juu kabisa kushoto, Yesu na wale wanyang'anyi wawili, mikono wazi kama wanasali, misalaba hata huioni vizuri, na hii ni kati ya picha za kale kabisa za kusulubiwa zilizopo duniani. Kapicha kenyewe kadogo na kibarazani kuna giza, mtembeza watalii wetu akapitiliza moja kwa moja hakusema kitu, hela yangu inaniuma mpaka leo, nilirudi mwenyewe kesho yake.

Nyota nne na nusu, hiyo nusu ni ya giza la kibarazani. Bebeni miwani.